Kusamehe si Kuuficha Ukweli

Kati ya vitabu vinavyostahili kusomwa na jamaa nzima, wazee kwa vijana, kimo kile alichokiandika Nelson Mandela juu ya maisha yake mwenyewe. Kilitolewa mwaka 1994, mwaka ule ule alipokuwa Rais wa Afrika Kusini, na kwa Kiingereza chaitwa Long Walk to Freedom, yaani mwendo mrefu wa kuuendea uhuru. Waliosikia habari zake ni wengi. Waliokisoma ni wachache. Nao waliosikia tu husema, “Mandela aliwasamehe makaburu,” kisha huishia hapo.

Twaogopa kwamba neno hilo, likisemwa kwa ufupi namna hiyo, laweza kupotosha. Wako wanaodhani kusamehe ni kunyamaza. Wako hata wanaomwambia ndugu aliyenyang’anywa shamba, au mke aliyepigwa, “Samehe, yaishe,” na kumbe wamwambia, “Funga kinywa.” Kitabu chenyewe chafundisha vingine kabisa.

Kwanza tuangalie jinsi kilivyoanza kuandikwa. Mandela alihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 12 Juni 1964, akapelekwa kisiwa cha Robben. Huko, mwaka 1974, alianza kuandika usiku kwa siri, na wenzake wakayanakili maneno yake kwa herufi ndogo sana. Mac Maharaj, alipofunguliwa mwaka 1976, aliitoa nakala ile nje ya gereza. Karatasi za kwanza zilikuwa zimefukiwa bustanini. Wakubwa wa gereza wakazigundua, na Mandela, Walter Sisulu na Ahmed Kathrada wakanyimwa ruhusa ya masomo kwa miaka minne. Watu hao walikubali kuadhibiwa ili habari ya mateso yao isipotee. Je, tutasema walitaka mambo yasahauliwe?

Pili, tusome habari ya Badenhorst, mkuu wa gereza aliyefika kisiwani mwishoni mwa mwaka 1970, mtu mwenye matusi na ukali mwingi. Siku moja walikuja majaji watatu kuangalia hali ya wafungwa. Mandela angeweza kusema nao faraghani, lakini alichagua kusema mbele ya mkuu yule yule, akaeleza jinsi wafungwa walivyopigwa. Badenhorst akamwonya kwa ghadhabu. Ndipo Mandela akawageukia majaji, akawaomba wafikiri wenyewe: kama mtu huyu anitisha mbele yenu, hufanya nini msipokuwapo? Haikupita miezi mingi, mkuu huyo akahamishwa. Siku ya kuondoka akawatakia wafungwa heri, na Mandela akastaajabu. Aliandika kwamba hata mtu wa namna ile alikuwa na utu ndani yake, na kwamba ukatili wake ulitokana na utawala uliomlipa kwa kuwa mkatili.

Hapa ndipo penye somo, nasi twawaomba wasomaji wetu waangalie utaratibu wake. Ukweli ulisemwa kwanza, tena usoni pa mkosaji. Baadaye ndipo jicho lilipoweza kumwona mtu nyuma ya kosa. Asiyeanza kwa ukweli huficha jeraha tu, na wahenga walikwisha kusema, mficha maradhi kifo humfichua.

Tatu, msamaha haununuliwi kwa kuacha haki. Mwaka 1985 Rais Botha alitaka kumwachilia Mandela kwa sharti la kukataa matumizi ya nguvu katika siasa. Mandela alikataa, na binti yake Zindzi akalisoma jibu lake mbele ya umati Soweto. Alikaa kifungoni miaka mitano zaidi, mpaka tarehe 11 Februari 1990.

Wala tusidhani kwamba yote hayo yalikuwa rahisi. Mama yake alifariki mwaka 1968, na mwaka 1969 mwanawe Thembi akafa kwa ajali ya gari. Hakuruhusiwa kwenda kumzika hata mmoja wao. Wala hafichi kwamba jamaa yake iliumia kwa sababu ya njia aliyoichagua. Tena mwaka 1961 alikuwa kati ya waliokata shauri la kushika silaha. Wazazi wasiziruke kurasa hizo wanaposoma na vijana. Wazizungumze wazi, kila mtu apime sababu alizozitoa.

Sisi Watanzania tumo pia kitabuni humo. Mapema mwaka 1962, akisafiri kwa siri, Mandela alishuka Mbeya, akaona hotelini Waafrika na Wazungu wamekaa pamoja pasipo ubaguzi. Akaandika kwamba hapo ndipo alipojiona kwa mara ya kwanza kuwa mtu huru. Yatupasa kujiuliza kama mgeni wa leo, akiingia katika nyumba zetu na ofisi zetu, angeonja heshima ile ile.

Baada ya Mandela kushika urais, nchi yake iliunda Tume ya Ukweli na Upatanisho, ikaanza kuwasikiliza watu mwaka 1996 chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Aliyetaka kusamehewa mashtaka ya makosa ya kisiasa ilimpasa kwanza kueleza yote aliyoyatenda. Jina lenyewe la Tume lautanguliza ukweli, na upatanisho waufuata.

Basi jamaa isome kitabu hiki pamoja, sura moja moja, jioni baada ya kazi. Na kama nyumbani mna ugomvi wa siku nyingi, mkubwa wa nyumba asianze kwa kuamuru watu wapeane mikono. Amwite aliyeumizwa, amwachie nafasi aseme yote yaliyompata, na aliyeumiza asikilize mpaka mwisho. Hapo mikono itakayopeanwa itakuwa mikono ya kweli.