Jina Likipotea Kwenye Menyu, Kazi Yako Haijapotea



Jumamosi moja nilimkuta dada mmoja wa mwaka wa 3 ameketi nje ya duka la kuchajia simu hapa Base Camp, laptopu mapajani. Alikuwa amekuja kutoka Mbarara kuwaona wazazi. Usiku uliotangulia Windows ilijisasisha, na asubuhi ile menyu ya kuchagua kati ya Windows na Ubuntu haikutokea tena. Kompyuta ilikuwa ikiingia Windows moja kwa moja. Ripoti yake ya utafiti ilikuwa upande wa Ubuntu, na alitakiwa kuikabidhi Jumatatu. Fundi alikwisha mwambia, "Dada, Linux imefutika. Niachie nikuwekee mpya."

Angekubali, hapo ndipo ripoti ingefutika kweli. Tuliizima laptopu, tukaiwasha huku tukibonyeza F12, na jina "ubuntu" likaonekana. Tulipoingia, ripoti ilikuwa palepale.

Somo la leo ni hilo. Wengi wetu sasa tuna mifumo miwili kwenye kompyuta moja, hasa tangu Microsoft ilipomaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ni vizuri tujue menyu inatoka wapi kabla ya kuigusa.

Orodha ni mbili, si moja

Orodha ya kwanza ni ya UEFI, programu inayoamka kabla ya mfumo wowote. Imehifadhiwa kwenye kumbukumbu ndogo ya ubao mama, nje ya diski. Ndani yake mna majina kama "Windows Boot Manager" na "ubuntu", pamoja na zamu ya kila moja.

Orodha ya pili ni ya GRUB, ile menyu yenye maandishi unayoiona ukianza na Linux. Hii hutengenezwa na Linux yenyewe na kuwekwa kwenye diski.

Zote mbili ni kama kibao cha mlangoni. Kibao kikianguka, wenye nyumba hawajahama. Na ukikibandua kwa mkono wako, chumba hakijawa kitupu: kufuta jina kwenye orodha hakuongezi nafasi ya diski.

Kurekebisha orodha ya kwanza

Zima kompyuta, iwashe, na ubonyeze kitufe cha kuchagua: F12 kwa Dell na ThinkPad nyingi, F9 kwa HP nyingi. Chagua "ubuntu". Ukishaingia, nakili kwanza kazi zako kwenye flashi. Kisha fungua teminali uandike:

sudo efibootmgr

Utaona kila jina na namba yake, na mstari wa BootOrder unaoonyesha zamu. Tuseme Ubuntu ni 0003 na Windows ni 0000. Ili Ubuntu itangulie:

sudo efibootmgr -o 0003,0000

Kama kuna namba nyingine kwenye mstari ule, ziandike pia nyuma ya hizo mbili. Jina la mfumo ulioondoa zamani, tuseme 0005, hufutwa hivi:

sudo efibootmgr -b 0005 -B

Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Na kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48. Ukibadilisha zamu, Windows inaweza kuudai.

Kurekebisha menyu ya GRUB

Faili la grub.cfg usilihariri. Huandikwa upya kila keneli mpya inapoingia, na mabadiliko yako yatapotea. Mahali pa kuhariri ni /etc/default/grub. Weka nakala kwanza:

sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.bak
sudo nano /etc/default/grub

Mistari inayofaa kujulikana ni hii:

GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu huonyesha menyu badala ya kuificha.

GRUB_TIMEOUT=10 huipa sekunde 10 za kusubiri.

GRUB_DEFAULT=0 huchagua mstari wa kwanza, kwa kuwa hesabu huanzia 0.

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false huruhusu GRUB kuitafuta Windows. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB huja ikiwa imezima utafutaji huo, na ndiyo sababu wengine huweka Linux kisha wakaona Windows "imepotea". Haikupotea, haijatafutwa tu.

Kwa laptopu inayotumiwa na watu wawili, andika GRUB_DEFAULT=saved na chini yake GRUB_SAVEDEFAULT=true. Menyu itakumbuka mfumo uliochaguliwa mara ya mwisho.

Hifadhi, kisha andika:

sudo update-grub

Mpaka uandike amri hii, hakuna kitakachobadilika. Hakikisha pia betri ina chaji ya kutosha. Kwetu tunaotegemea umeme wa jua, kazi hii si ya saa ambayo betri imebaki asilimia 5.

Ikiwa menyu imejaa keneli za zamani, tumia sudo apt autoremove --purge. Amri hiyo huacha keneli ya akiba, nawe iache ibaki. Keneli mpya ikigoma, hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Ukitaka kuiondoa Linux

Anza na menyu, malizia na diski. Itangulize Windows, izime na kuiwasha kompyuta uone inaingia yenyewe, ndipo ufute sehemu ya Linux. Ukianza na diski, unaweza kubaki na skrini nyeusi yenye neno "grub" na usipate pa kuendelea. Sehemu ndogo ya EFI usiiguse kabisa, kwani Windows nayo huanzia humo.

Maswali ya kujipima

1. Umefuta jina "ubuntu" kwa efibootmgr. Je, faili zako zimefutika?
2. Umebadilisha GRUB_TIMEOUT lakini menyu ni ileile. Umesahau nini?
3. Mwenzako anaambiwa mfumo wake umefutika. Utabonyeza nini kabla ya kukubali?

Swali la 3 usilijibu kwa kalamu tu. Laptopu ya mwenzako ni amana. Ikifika mikononi mwako, tafuta kwanza, nakili pili, na kusakinisha upya kuwe jambo la mwisho kabisa.