Siku Sita za Mose na Nyayo za Laetoli

Mwezi huu twataka kulitazama neno linalowaelemea vijana wengi wa sharika zetu, nalo hupitwa upesi katika mafundisho. Kijana hufundishwa shuleni kwamba dunia ina umri wa miaka milioni 4,500 na zaidi. Siku ya Bwana huketi kanisani akasikia mlango wa kwanza wa kitabu cha kwanza cha Mose: siku sita za kazi, na ya saba ya kupumzika. Wako wanaoyaweka maneno haya mawili katika vyumba viwili vya moyo na kuufunga mlango wa katikati. Wengine hawawezi. Usiku wakipiga magoti, mioyo yao huwauliza: Ikiwa ukurasa wa kwanza hausadikiki, nitauegemeaje ukurasa wa msalaba? Swali hili tusilidhani kuwa ni ukaidi. Mara nyingi huulizwa na yule aliyelipenda Neno kuliko wenzake, asiyejali haulizi.

Wala jambo hili halikutoka ng'ambo tu. Limo katika udongo wa nchi yetu wenyewe. Katika bonde la Oldupai, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu lililogeuka kuwa jiwe. Mwaka 1961 wataalamu wakatangaza kwamba majivu ya tabaka lile yana umri wa miaka 1,750,000. (Mumewe, Louis, alizaliwa Kabete katika nchi ya Kenya, mwana wa mmisionari, kazi hii haikuanza mbali na nyumba ya wahubiri.) Tena mwaka 1978 huko Laetoli, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Oldupai, zilionekana nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya mlima wa moto. Njia yao ina urefu wa mita 27 hivi, na umri wake ni miaka milioni 3 na laki 6 na zaidi.

Watu huuliza: Wanajuaje? Hawabahatishi. Ndani ya mawe yatokayo katika milima ya moto imo potasiamu, na katika hiyo iko namna moja isiyodumu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo agoni. Jiwe likiyeyuka, gesi ya zamani hutoka. Likipoa, hesabu huanza upya, kwa maana gesi inayozaliwa baadaye hufungwa ndani. Ni kama mtungi unaodondosha maji katika bakuli: ajuaye mwendo wa matone, akiyapima maji ya bakuli, ajua mtungi ulianza kuvuja lini. Mkristo anayemwambia kijana kwamba haya yote ni uongo wa makafiri, hali hakuyachunguza, amewashuhudia jirani zake uongo. Na amri ya nane twaijua sote.

Sasa tuyafungue Maandiko, tuyasome kwa utaratibu. Nuru yaumbwa siku ya kwanza, jua siku ya nne. Basi jioni na asubuhi za siku tatu za kwanza zilipimwa kwa nini? Kila mchunga mbuzi ajua kwamba asubuhi huja na jua. Tena mlango wa kwanza wamweka mwanadamu mwisho, baada ya nyama wote; mlango wa pili wamweka mbele yao. Waliovitunza vitabu hivi waliiona tofauti hiyo, wala hawakuifuta. Liko na jambo jingine: jua na mwezi havitajwi kwa majina yao, huitwa mianga tu, mkubwa na mdogo. Sababu yake ni kwamba mataifa ya jirani waliviabudu. Vibao vya udongo vya Ninawi, ambavyo habari zake George Smith alizitangaza katika kitabu mwaka 1876, vilileta hadithi ya Babeli: jinsi mungu Marduk alivyomwua Tiamat, akaipasua maiti yake ikawa mbingu, na wanadamu wakafanywa kwa damu ya mungu aliyeuawa, ili wawatumikie miungu wapumzike. Mtu aliyezoea hadithi hizo, akisikia maneno ya Mose, alisikia jambo jipya kabisa: hakuna vita mbinguni, jua ni taa tu, na mwanadamu, mwanamume na mwanamke, ni mfano wa Mungu wala si mtumwa aliyeumbwa kwa uchovu wa miungu. Haya ndiyo mlango ule unayoyatangaza. Umri wa mawe hauutaji.

Mababa wa Kanisa nao hawakuwa na nia moja. Augustino, aliyefariki mwaka 430, kabla hajatokea mtu wa kupima mawe, alifundisha kwamba Mungu aliviumba vyote mara moja. Tena aliwaonya Wakristo wasinene ovyo juu ya nyota na nchi mbele ya wasioamini wenye maarifa, Maandiko yasije yakachekwa kwa ajili yao. Luther hakumfuata. Katika mafundisho aliyoyatoa Wittenberg tangu mwaka 1535 hata 1545, alizisadiki siku sita kuwa siku kama zetu, na dunia kuwa haijatimiza miaka 6,000. Hatumfichi. Walakini kitabu cha Copernicus, kielezacho jinsi dunia inavyolizunguka jua, kilichapwa Nürnberg mwaka 1543 kikisimamiwa na mhubiri wa Kilutheri, Andreas Osiander, ingawa alitia dibaji isiyo na jina kwamba ni njia ya hesabu tu. Nasi leo twasoma Zaburi ya 19 juu ya jua lipigalo mbio, wala hakuna asumbukaye.

Lakini msaada mkubwa twaupata kwa Luther yule yule, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Angalieni anavyolieleza fungu la kwanza la imani. Haanzi na nyota wala na siku sita. Aanza na mimi: kwamba Mungu ndiye aliyeniumba, akanipa macho na masikio, na nguo na viatu, chakula na nyumba. Je, Luther hakujua kwamba alizaliwa na Hans na Margarethe? Hakujua kwamba viatu hushonwa na fundi? Alijua sana, wala hakuona kwamba kazi ya mama au ya fundi yampunguzia Mungu kazi yake. Mkunga akieleza miezi tisa ya mimba, haikanushi Zaburi ya 139. Mkulima ajuaye habari za mbegu na mvua na samadi bado huleta sadaka ya mavuno. Basi ikiwa twakiri kwamba Mungu ameniumba mimi tumboni mwa mama, wala hakuna aliyeuona mkono wake, twaogopa nini kusikia kwamba aliiumba nchi kwa miaka mingi, kwa moto na maji na viumbe vizaavyo viumbe? Mose mwenyewe, mstari wa 24, asema kwamba nchi iliamriwa kutoa nyama.

Neno gumu linasalia. Paulo aandika katika Warumi 5 kwamba kifo kiliingia kwa dhambi ya mtu mmoja. Lakini mawe ya Oldupai yamejaa mifupa ya nyama waliokufa zamani sana kabla ya watu kama sisi. Wengine hujibu kwamba Paulo anena kifo cha mwanadamu aliyetengwa na Mungu, si cha swala. Hata Zaburi ya 104 yawataja simba wakimwomba Mungu mawindo yao, wala haiwalaumu. Jibu hili twaliona lina nguvu. Halimalizi yote, hasa habari za Adamu, na wako ndugu wachaji wa Mungu katika makanisa ya Kilutheri wanaolikataa, wakizishika siku sita kama Luther alivyozishika. Tusiwafukuze, nao wasitufukuze.

Basi mwalimu wa kipaimara, akijiwa na kijana mwenye shaka hili, asimharakishe. Asimlazimishe kuchagua siku ile kati ya mwalimu wa shule na Kristo. Waliolazimishwa hivyo wengine walikwenda zao, hali hawakumkataa Kristo, walikataa hesabu ya miaka. Amwonyeshe 1 Wakorintho 15, ambapo Paulo haijengi imani juu ya umri wa dunia, bali juu ya Yeye aliyefufuka na mashahidi waliomwona. Tena amruhusu kuomba hali ana shaka. Baba yule wa Marko 9 aliomba hivyo, imani yake ikiwa imechanganyika na kutokuamini, na mwanawe akaponywa. Kisha wasome pamoja darasani mlango wa kwanza wa Mose na Zaburi ya 104, wala kitabu kisifungwe kabla kila mmoja hajauliza alilo nalo.