Sajili ya Gereji: Lugha ya Dalili Katika Injini ya Lori Kuukuu

Utangulizi

Kila taaluma ina sajili yake, na gereji nayo haikosi. Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa na fundi na dereva kutambua kiini cha maradhi mawili ya lori kuukuu la dizeli: kuwaka kwa shida na kunguruma kwa kukatakata. Hoja ya msingi ni kwamba usahihi wa maneno ndio mwanzo wa tiba. Palipo na neno pana kupita kiasi, mwenye lori hulipia kipuri kisichokuwa na kosa.

Jinsi injini inavyowaka

Neno dizeli lilitokana na jina la Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyefaulu kuionyesha injini yake ikifanya kazi mwaka wa 1897. Injini hiyo haitumii plagi za cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hadi ikapata joto kali, kisha nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe. Kwa hivyo, mambo matatu ni ya lazima: stata kuizungusha injini kwa kasi ya kutosha, mafuta yasiyochanganyika na hewa, na mgandamizo ulio thabiti.

Kauli na maana zake

Dereva akisema tu kwamba "injini imechoka", fundi hajaambiwa kitu. Akisema "stata inazunguka polepole", anaelekeza kwenye betri na nyaya zake. Akisema "inazunguka vizuri lakini haishiki", shaka huhamia kwenye mafuta. Akiongeza kwamba "inashika kisha inazima", fundi hushuku "upepo". Gerejini, upepo ni hewa iliyopenya katika mabomba ya mafuta.

Moshi nao ni ishara yenye maana. Moshi mweusi huonyesha kwamba mafuta yamezidi hewa: huenda filta ya hewa imeziba, au nozeli inamwaga badala ya kunyunyiza. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo tofauti ya nozeli mbovu na nzima. Moshi mweupe wakati wa kuwasha huashiria mafuta yasiyoungua, aghalabu kwa sababu ya baridi au mgandamizo hafifu. Ukidumu hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, yamkini gasketi imeungua. Moshi wa buluu hudokeza kwamba oili inaungua, labda kwa kuwa ringi za pistoni zimelika.

Jaribio la silinda

Injini ikikatakata, fundi huiacha ingurume, kisha hulegeza nati ya bomba la nozeli moja, akaikaza, akaenda kwa inayofuata. Mngurumo ukidhoofika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, hiyo ndiyo yenye ila. Mwanafunzi wa fonolojia ataitambua mbinu hii. Katika jozi ya mlinganuo finyu kama "pata" na "bata", sauti moja tu hubadilishwa ili athari yake ionekane. Hata hivyo, mafuta hayo yana shinikizo linaloweza kuyapenyeza katika ngozi, hivyo mkono mtupu haukaribishwi pale.

Mfano

Chukulia lori linalowaka kwa shida kila asubuhi, ilhali mchana halisumbui. Mwenyewe anaambiwa kwamba "pampu imekufa", naye anaanza kutafuta fedha za pampu nyingine. Fundi makini huuliza kwanza: tatizo lilianza lini? Jibu ni kwamba lilianza baada ya filta ya mafuta kubadilishwa. Anaikagua filta hiyo na kukuta mpira wake haukukaa sawasawa. Usiku hewa hupenya hapo, na mafuta yakarudi tangini. Mpira unawekwa vyema, upepo unatolewa kwa pampu ya mkono, na lori linashika. Pampu haikuwa imekufa; neno "imekufa" ndilo lililokaribia kumfilisi mwenye mali.

Hitimisho

Sitiari za gerejini si mapambo. Kukohoa, kushika, kukatakata na kumwaga ni istilahi zenye mipaka ya maana, na fundi huzitegemea kabla hajashika spana. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeyaeleza vibaya naye hayuko mbali. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuzikusanya istilahi hizi kutoka vinywani mwa mafundi wenyewe, kabla malori hayo hayajatoweka barabarani pamoja na msamiati wake.