Kihispania Mpakani mwa Texas: Wingi wa Wasemaji na Nafasi ya Lugha

Utangulizi

Mto Rio Grande, ambao watu wa Meksiko huuita Río Bravo, hulitenga jimbo la Texas nchini Marekani na nchi ya Meksiko. Mto huu ni mpaka wa dola, lakini si mpaka wa lugha. Katika mji wa Laredo, ulio ukingoni mwa mto huo upande wa Marekani, takriban watu 9 kati ya kila 10 huzungumza Kihispania nyumbani. Mjini El Paso ni takriban thuluthi mbili, na katika jimbo zima la Texas ni zaidi ya robo. Mtu akizitazama takwimu hizi, huenda akahitimisha kuwa lugha hii haina cha kuhofia. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba wingi wa wasemaji ni jambo moja, na nafasi ya lugha shuleni, ofisini na katika maandishi ni jambo jingine.

Chimbuko la Kihispania mpakani

Kihispania si mgeni Texas. Laredo iliasisiwa mwaka 1755, chini ya utawala wa Uhispania, miaka 21 kabla ya Marekani kujitangazia uhuru. Meksiko ilipojipatia uhuru mwaka 1821, Texas ilikuwa sehemu yake. Jimbo hilo lilijitenga mwaka 1836 na kujiunga na Marekani mwaka 1845. Vita vilizuka kati ya nchi hizo mbili mwaka 1846, na Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 ukaufanya mto kuwa mpaka. Baadhi ya familia za Laredo zilivuka na kuanzisha Nuevo Laredo upande wa Meksiko, nyingine zilibaki. Hawa waliobaki hawakuhamia Marekani. Marekani ndiyo iliyowafikia.

Baadaye walifuata wahamiaji, hasa baada ya Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza mwaka 1910. Wengi walifanya kazi mashambani na kwenye reli. Hadi leo watu huvuka madaraja kwenda kazini, sokoni na kwa jamaa zao. Kwa hiyo Kihispania cha mpakani kina mizizi miwili: wenyeji wa kale na wageni wanaoendelea kuingia.

Takwimu zinapima nini?

Maswali ya takwimu za serikali ya Marekani yanastahili kuchunguzwa. Mhojiwa huulizwa kama huzungumza lugha nyingine nyumbani mbali na Kiingereza, lugha hiyo ni ipi, na anazungumza Kiingereza vizuri kiasi gani. Haulizwi anaimudu vipi lugha hiyo nyingine, wala kama anaweza kuisoma na kuiandika. Basi nyanya anayesoma gazeti la Kihispania kila asubuhi na mjukuu anayeweza kumwamkia tu kwa lugha hiyo huenda wakahesabiwa pamoja. Hesabu inakuwa kubwa, ilhali tofauti kati ya wawili hao imefichika.

Mwanaisimujamii Joshua Fishman alieleza jinsi lugha za wahamiaji nchini Marekani zinavyoelekea kupotea katika vizazi vitatu. Kizazi cha kwanza huishi kwa lugha yake, cha pili huwa na lugha mbili, na cha tatu hubaki na Kiingereza. Mpakani mwendo huu hupungua kasi kwa sababu Meksiko iko ng'ambo ya daraja, lakini haukomi.

Shule na adhabu

Mwaka 1918, sheria ya Texas ilifanya kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza kuwa kosa la jinai. Wanafunzi nao waliadhibiwa kwa kuzungumza Kihispania hata uwanjani. Mwaka 1954, katika Shule ya Blackwell mjini Marfa, watoto waliagizwa kushiriki mazishi ya Kihispania. Vijikaratasi viliandikwa, vikatiwa ndani ya kisanduku, na kisanduku kikafukiwa katika uwanja wa shule. Msomaji wa Kenya hatakosa kukumbuka kibao walichovishwa shingoni wanafunzi waliopatikana wakisema lugha zao, kama anavyosimulia Ngũgĩ wa Thiong'o katika Decolonising the Mind (1986). Mwaka 2022, sheria ya Marekani iliidhinisha shule hiyo ya Marfa kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa.

Sheria ya elimu ya lugha mbili ya mwaka 1968 ilianza kuibadili hali hiyo, na Texas ikafuata kwa sheria yake mwaka 1973. Hata hivyo, mipango mingi ilikifanya Kihispania kuwa daraja tu: mtoto akikimudu Kiingereza, lugha ya mama huwekwa kando.

Ofisini na mitaani

Hali hii yaweza kuelezwa kwa dhana ya daiglosia. Kiingereza hushika mahakama, vyuo na mikataba; Kihispania hushika jiko, soko na kanisa. Mgawanyo huo haukukosa kupingwa. Tangu mwaka 1975, sheria ya uchaguzi hutaka karatasi za kura ziwe pia kwa Kihispania katika maeneo yanayohusika. Mwaka 1999, mji mdogo wa El Cenizo, karibu na Laredo, uliamua kuendesha mikutano ya baraza lake kwa Kihispania, uamuzi uliozua mjadala mkali. Kwa upande mwingine, amri ya rais ya Machi 2025 ilikitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani.

Mitaani lugha hizi hukopeshana. Kihispania cha mpakani kina troca (lori), lonche (chakula cha mchana) na parquear (kuegesha gari). Neno la mwisho limepewa kiambishi cha kitenzi cha Kihispania, kama vile Kiswahili kilivyolitia neno hilo hilo katika sarufi yake na kupata kupaki.

Waandishi wa mpakani

Palipokuwa na adhabu, fasihi ilijibu. Tomás Rivera, mzaliwa wa Crystal City, alichapisha ...y no se lo tragó la tierra mwaka 1971 kwa Kihispania. Gloria Anzaldúa, katika Borderlands/La Frontera (1987), alichanganya lugha zote mbili na kukataa kuuonea haya mchanganyiko huo. Kazi hizi ziliipatia kalamu lugha iliyokuwa imefungiwa nyumbani.

Hitimisho

Kihispania cha Texas kimedumu kwa nguvu za familia na ujirani, mara nyingi bila msaada wa shule. Lakini lugha inayosemwa na wengi na kusomwa na wachache hutegemea wageni wapya ili kujaza pengo la wajukuu. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye husikia kila mara hesabu ya mamilioni ya wasemaji wa lugha yake, ana sababu ya kuuliza swali la pili: wangapi miongoni mwao huisoma, huiandika, na hufunzwa elimu kwayo?