Begi dogo, tozo kubwa

*Langoni Madrid nilidaiwa yuro 60 kwa begi langu la magurudumu, lile lile ninalosafiri nalo siku zote. Nililipa, foleni ikinisukuma. Naweza kudai? – Msafiri, Madrid*

Dai, usione haya. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua begi la mkononi lenye uzito na ukubwa wa kadiri lisitozwe nyongeza. Novemba 2024 Hispania iliyatoza mashirika matano ya ndege faini ya yuro milioni 179, tozo hizo zikiwa miongoni mwa sababu. Yakapinga mahakamani, kwa hiyo hela haitarudi kesho.

Pima begi kwa futi kamba, magurudumu na mshikio vikiwamo (hapo ndipo wengi hunaswa), ulipige picha. Tunza risiti. Liandikie shirika, likinyamaza mwezi mzima, nenda ofisi ya manispaa ya kutetea wateja. Huduma yao ni bure.