NYOTA ILIYORARULIWA NA "NYOTA" ZA WAPIGA RAMLI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake:

Likoni, Kisauni na Changamwe wamo ndugu zetu waendao kwa wapiga ramli wakaambiwa, "Nyota yako imeshuka," wakatoa fedha ili ipandishwe. Katika funzo hili twataka kueleza nyota ni kitu gani.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Wataliana la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kilirushwa chombo cha Wamarekani kilichoitwa Uhuru, kwa kuwa ndiyo siku ya uhuru wa Kenya. Kiliitazama mbingu kwa mionzi ya eksirei, na khabari zake zikawasaidia wataalamu kutambua kuwa mahali paitwapo Cygnus X-1 pana shimo jeusi lijivutialo hewa za nyota jirani. Shimo jeusi ni kitu kizito mno, hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake.

Nyota ikilikaribia mno shimo kubwa la namna hii, upande wake wa karibu huvutwa zaidi kuliko wa mbali, ikararuka. Mwaka 2014 ulionekana mwanga wa nyota iliyopatwa na hayo, umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 290. Nyota hiyo ilijulikanaje? Kila elementi, kama kaboni na naitrojeni, ina alama yake katika mwanga, kama mtu na alama ya kidole chake. Mwaka 2023 wataalamu walieleza kuwa katika mabaki yale naitrojeni ni nyingi na kaboni ni kidogo. Nyota kubwa hugeuza kaboni kuwa naitrojeni katika kuwaka kwake. Kwa hivyo wakakisia kuwa uzito wake ulikuwa kama mara 3 ya jua letu.

Basi twauliza: ni nani aliyefilisika kwa kuraruka nyota ile?

Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Akawafunza kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa jua halikupatwa kwa mwana wa Mtume, nyota itashukaje kwa duka la fulani?

Chombo kile kilirushwa mlangoni petu. Wenzetu wakapata ilimu, nasi tukabaki na ramli. Fedha ya mpiga ramli na iwe ya kumsomesha mtoto.

Wallahu aalam.