Heshima ya Maiti na Haki ya Aliye Hai

Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wawapikie chakula jamaa zake, kwani walikuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha.

Natuupime mwendo wetu kwa mwendo huo. Kila tarehe 20 Oktoba nchi yetu huwa na Siku ya Mashujaa, siku ambayo mwaka 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari. Mwaka 2007 Dedan Kimathi alisimamishiwa sanamu Nairobi, miaka 50 baada ya kunyongwa. (Neno la masanamu lina mlango wake, si leo.) Kukumbuka hatukukatai.

Lakini watazameni waliotoka makambini wangali hai. Huko Kiambu, iliko miji ya Ruiru na Thika, wengi walirudi wakakuta mashamba yamekwisha kupimwa na kuandikwa kwa majina ya watu wengine. Aliyekosa ardhi akashika kikapu, akachuma kahawa isiyo yake. Uhuru ukaja 1963, na Mau Mau ikabaki chama kilichopigwa marufuku hata 2003. Kwa miaka 40 wakongwe hawakuweza kuandikisha chama chao kwa jina hilo, hali wenzi wao waliokufa wakisifiwa majukwaani.

Wala sisi wa Pwani tusiseme hayo ni mambo ya bara. Hola iko kwetu, kando ya mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa huko mpaka wakafa, na hesabu hiyo twaijua. Waliobaki na mifupa iliyovunjika hatukuwafunza watoto wetu idadi yao. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alizimia kwa kipigo, akalazwa pamoja na maiti kwa kudhaniwa amekufa. Akazindukana. Ilimpasa angoje hata 2009 ndipo yeye na wenziwe wanne walipofungua kesi London, na hata 2013 ndipo Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228. Jumla ilikuwa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo. Katika wale watano si wote waliofika siku hiyo.

Ama Mtume, aliwapa watu wa Jaafar siku tatu za kulia. Kisha akawaendea nyumbani kwao, akataka aletewe watoto, akamwita kinyozi akawanyoa vichwa, akamwambia mama yao kwamba yeye ndiye walii wao.